Maswali ya Wasomaji: Mbona Kurudi Kutoka China ni Kufupi Kuliko Kwenda?

Barua nne kati ya zile tulizopokea mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinahusu jambo moja, nalo ni umbali wa safari za ndege kati ya viwanja vilivyo mbali na muda wa kuzisafiri. Tumeziweka pamoja kwa kuwa jibu la moja linasaidia kulielewa la nyingine. Ya kwanza ina haraka yake, kwa hiyo tunaanza nayo.

Mzazi, Uyole, Mbeya: Mhariri, kijana wangu amepata nafasi ya kusoma Guangzhou, China. Tiketi yake inaonyesha kwamba ataondoka uwanja wetu wa ndege wa Songwe 10:40 tarehe 13 na kufika Dar es Salaam 12:05. Kisha ataondoka Dar es Salaam 00:40 tarehe 14 na kufika Guangzhou 16:20 tarehe hiyo hiyo. Atakapokuja likizo, ndege itaondoka Guangzhou 18:30 na kufika Dar es Salaam 00:20. Mdogo wake ametafuta kwenye simu akaambiwa kwamba kutoka Songwe hadi Guangzhou ni kilomita 9,400, na muda wa kuruka ni saa 11. Mimi nimepiga hesabu ya ndege ya kutoka Dar es Salaam, nikapata kwamba kwenda ni saa 15 na dakika 40, na kurudi ni saa 5 na dakika 50. Nani amekosea kati ya tiketi, simu na mimi? Mjomba wake anaishi Mbagala, na ameahidi kumpeleka uwanjani tarehe 14 usiku.

Jibu: Mama, kabla hujaendelea kusoma, tafadhali mpigie kaka yako simu umwambie kwamba kijana anatakiwa kuwa uwanjani tarehe 13, mapema usiku, wala si tarehe 14. Tarakimu 00:40 kwenye tiketi ni saa 6:40 usiku kwa Kiswahili, na tarehe 14 kwa hesabu ya tiketi huanza saa 6 kamili usiku. Maana yake ni kwamba ndege inaondoka dakika 40 tu baada ya tarehe 13 kwisha, yaani usiku wa kuamkia tarehe 14. Mjomba akimpeleka jioni ya tarehe 14, ndege itakuwa imekwishatua Guangzhou na abiria wake wamekwishatawanyika. Kwa kuwa safari za kimataifa humtaka abiria afike kama saa tatu kabla, kijana awe mbele ya dirisha la kukabidhi mizigo kabla ya saa 3:40 usiku wa tarehe 13.

Kosa hili huwapata watu wengi, nao si wazembe. Linatokana na tofauti ya kweli kati ya saa zetu na saa za tiketi. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi, na usiku mmoja kwetu ni kitu kimoja kisichokatika, tangu jua linapozama hadi jogoo anapowika. Tiketi inaukata usiku huo katikati na kuupa tarehe mbili. Ndiyo maana maneno "tarehe 14 usiku" ni ya hatari katika mazungumzo ya safari, kwa sababu mmoja ataelewa usiku unaotangulia mchana wa tarehe 14 na mwingine ataelewa usiku unaoufuata. Lugha yetu inayo kauli isiyo na utata, nayo ni "usiku wa kuamkia". Itumieni hiyo kila mnapoagana.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Tiketi haikukosea, na kutoa kwako hakuna kosa. Kilichokosekana ni kwamba kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali ndege ilipo wakati huo. Saa 00:40 ni ya Dar es Salaam, na 16:20 ni ya Guangzhou. China yote, pamoja na ukubwa wake, hutumia saa moja, ile ya Beijing, ambayo iko mbele ya saa ya Tanzania kwa saa tano. Ukitoa saa tano kutoka 16:20 unapata 11:20, yaani saa 5:20 asubuhi kwa saa ya ukutani kwako Uyole. Kutoka saa 6:40 usiku hadi saa 5:20 asubuhi ni muda wa saa 10 na dakika 40, na huo ndio urefu wa safari.

Kurudi ni kinyume chake. Ndege itakapoondoka Guangzhou 18:30, kwenu itakuwa 13:30, saa 7:30 mchana. Itafika Dar es Salaam 00:20, saa 6:20 usiku. Hapo katikati mna saa 10 na dakika 50. Kwa hiyo kwenda na kurudi vinakaribiana sana, na tofauti iliyokushangaza ilikuwa zile saa tano, ambazo kwenye hesabu yako ziliongezwa upande wa kwenda na kupunguzwa upande wa kurudi.

Iko njia ya mkato ambayo haikuhitaji hata kujua tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Jumlisha muda wa kwenda na wa kurudi kama unavyoonekana kwenye tiketi, kisha gawa kwa mbili. Saa 15 na dakika 40 ukijumlisha na saa 5 na dakika 50 unapata saa 21 na dakika 30, na nusu yake ni saa 10 na dakika 45. Huo ndio wastani wa kweli, kwa sababu saa tano zilizoongezwa upande mmoja zimefutwa na zile zilizopunguzwa upande wa pili. Njia hii inafaa kwa viwanja vyovyote viwili duniani, mradi safari zote mbili zifuate njia ile ile na nchi yoyote kati ya hizo mbili isiwe imebadilisha saa zake katikati, kama zifanyavyo nchi za Ulaya mwezi Machi na Oktoba.

Imebaki ile simu. Nayo haikudanganya, ila ilijibu swali ambalo hamkuuliza. Ilipima mstari mfupi kuliko yote kutoka Songwe hadi Guangzhou, ikagawa kwa kasi ya kawaida ya ndege kubwa, ambayo ni kama kilomita 900 kwa saa, ikaongeza nusu saa hivi kwa ajili ya kupaa na kutua. Hesabu hiyo ni sahihi kwa ndege ambayo haipo, kwa kuwa hakuna ndege inayotoka Songwe moja kwa moja hadi Guangzhou. Safari halisi ya kijana wako, kuanzia anapoondoka Songwe saa 4:40 asubuhi tarehe 13 hadi anapotua saa 5:20 asubuhi kwa saa ya kwetu tarehe 14, ni ya saa 24 na dakika 40. Kati ya hizo, saa 12 na dakika 5 atakuwa ndani ya ndege, na saa 12 na dakika 35 zilizobaki atakuwa Dar es Salaam akisubiri.

Ninaomba usizione saa hizo za kusubiri kuwa hasara. Kwanza, ukitazama ramani utagundua jambo ambalo mimi mwenyewe lilinifurahisha nilipolipima: Dar es Salaam iko karibu kabisa na mstari ulionyooka wa kutoka Songwe kwenda Guangzhou. Songwe hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 690, na Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, ambazo kwa pamoja ni zile zile 9,400 za simu. Kupitia Dar es Salaam hakumwongezei kijana wako hata kilomita kumi. Angepitia Addis Ababa, safari ya kutoka Dar es Salaam ingerefuka kwa takriban kilomita 1,100, na angepitia Doha ingerefuka kwa takriban 1,300, bila kuhesabu muda wa kubadilisha ndege ugenini.

Pili, kipande cha kwanza cha safari, ingawa ni kifupi, ndicho kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Miaka michache iliyopita nilipanga kuondoka Songwe asubuhi ili niunganishe na ndege ya kimataifa alasiri ile ile. Ukungu ulitanda, ndege iliyotakiwa kutuchukua ikazunguka juu yetu kisha ikageuza na kurudi ilikotoka, na ilipofanikiwa kutua jioni, ile ya pili ilikuwa imekwishaondoka. Tiketi zangu zilikuwa mbili tofauti, kila moja na shirika lake, kwa hiyo shirika la pili halikuwa na wajibu wowote wa kunisubiri wala kunihamishia safari nyingine. Nililipa upya. Tangu siku hiyo, mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe akiniuliza aache nafasi gani kati ya ndege ya ndani na ile ya nje, humwambia asikubali chini ya saa sita ikiwa tiketi ni mbili, na msimu wa mvua ni bora aondoke siku moja kabla. Kama tiketi ni moja tangu Songwe hadi mwisho wa safari, shirika lililoiuza ndilo linalopaswa kumtafutia abiria njia nyingine anapochelewa, na hiyo ni sababu tosha ya kuulizia tiketi ya namna hiyo hata kama bei yake imezidi kidogo.

Hesabu pia barabara. Kutoka Uyole hadi Songwe ni takriban kilomita 30, lakini ni kilomita 30 za kupenya katikati ya jiji, kupita Mwanjelwa, kisha kuingia kwenye msafara wa malori ya Tunduma kuelekea Mbalizi. Kwa ndege ya saa 4:40 asubuhi, mwondoke nyumbani saa 1 asubuhi.

Na akishafika, mama, usimpigie saa 3 usiku ukitoka kwenye chakula, kwani kwake itakuwa saa 8 usiku wa manane. Mpigie saa 8 mchana, wakati kwake ni saa 1 jioni na ametoka darasani.

Mfanyabiashara, Makambako: Nimeona umbali wa Dar es Salaam hadi Guangzhou ukiandikwa 8,700 mahali pamoja, 5,400 mahali pengine na 4,700 mahali pa tatu. Niamini upi?

Jibu: Amini zote tatu, kwa sababu ni umbali mmoja uliopimwa kwa vipimo vitatu. Ya kwanza ni kilomita. Ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo bado zinatumika Marekani na Uingereza, na maili moja ni sawa na kilomita 1.609. Ya tatu ni maili za baharini, zinazotumiwa na manahodha na marubani. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, na asili yake ni umbo la dunia yenyewe: ukiigawa digrii moja ya latitudo katika sehemu 60, kila sehemu ni maili moja ya baharini. Ukikutana na umbali usiotaja kipimo, ulinganishe na muda wa safari. Ndege kubwa inayosafiri zaidi ya saa kumi haiwezi kuwa imekwenda kilomita 4,700 tu.

Mwalimu wa jiografia, Mafinga: Wanafunzi wangu wamesoma kwamba ndege ya kutoka New York kwenda Beijing hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, ilhali kwenye ramani ya ukutani miji hiyo miwili iko karibu latitudo moja. Wananiuliza kwa nini rubani asinyooshe njia. Je, hata ndege ya kutoka kwetu kwenda China hupinda hivyo?

Jibu: Mwalimu, rubani amenyoosha njia, na kilichopinda ni ramani. Dunia ni tufe, na kila anayeichora juu ya karatasi bapa hulazimika kuivuta sehemu fulani, hasa zile za karibu na ncha. Kama shule yenu ina tufe la dunia, chukua uzi, mwanafunzi mmoja aushike New York na mwingine aushike Beijing, kisha wauvute mpaka ukaze. Wataona wenyewe uzi ukipanda hadi karibu na Ncha ya Kaskazini na kushuka upande wa pili. Kama tufe halipo, mpira wa miguu na kalamu ya wino vinatosha. Kwa njia hiyo ya uzi, safari ni kama kilomita 11,000, na kwa njia ya kufuata latitudo ya 40 inazidi 14,000. Hakuna shirika litakalokubali kuchoma mafuta ya kilomita 3,000 za ziada ili njia yake ipendeze kwenye ramani ya ukutani.

Kwa safari ya kutoka kwetu, tofauti ni ndogo mno. Tuko karibu na ikweta, na Guangzhou iko karibu sana na Tropiki ya Kansa, na katika ukanda huo ramani haijavutwa sana. Nimepima njia zote mbili kati ya Dar es Salaam na Guangzhou, ile ya uzi na ile inayoonekana imenyooka kwenye ramani ya kawaida ya mabaharia, nikaona hazipishani hata kilomita 20. Uzi huo waufuatishe wanafunzi wako, kwani ni somo zima la jiografia. Unaondoka pwani yetu kuelekea mashariki kaskazini, unavuka ikweta juu ya Bahari ya Hindi, unaingia India upande wake wa kusini katika jimbo la Kerala, unavuka Ghuba ya Bengal, unagusa nchi kavu tena Myanmar, unapita kaskazini ya Thailand na Laos, kisha Vietnam karibu na Hanoi, ndipo unaingia China.

Ila uwaambie pia kwamba uzi ni umbali wa kwenye jedwali, na ndege haiufuati sentimita kwa sentimita. Kuna njia za anga zilizopangwa, kuna dhoruba za kukwepa, na kuna anga zilizofungwa. Mfano mkubwa wa siku hizi ni anga ya Urusi, ambayo mashirika mengi ya Ulaya hayawezi kuitumia tangu mwaka 2022. Safari ya kutoka Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua kama saa 9, sasa huchukua kama saa 13, ingawa Helsinki na Tokyo hazijasogea hata hatua moja.

Mzee mstaafu, Tukuyu: Nimesafiri kati ya Dar es Salaam na Songwe mara nyingi. Safari moja tulitumia saa moja na dakika kumi, nyingine saa moja na nusu. Umbali ni ule ule. Nani anapoteza dakika ishirini? Ndaga (asante, kwa Kinyakyusa).

Jibu: Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa barua. Sababu kubwa kwa njia hiyo ni aina ya ndege. Zile zenye mapanga, mfano wa Dash 8 Q400, huenda kasi ya kama kilomita 600 na kidogo kwa saa, na zile za jeti, mfano wa Airbus A220, huzidi 800. Kwa kilomita 690 tofauti hiyo peke yake ni zaidi ya robo saa. Ukumbuke vilevile kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kwisha inapoegeshwa, na asubuhi Dar es Salaam inaweza kukaa kwenye foleni ya kuruka kwa dakika kumi.

Sababu ya pili ni upepo, nao ndio unaotawala safari ndefu. Mabaharia wa pwani walijua tangu zamani kwamba jahazi huenda na kusi na kurudi na kaskazi, na kwamba ukisafiri na upepo wa mbisho, yaani unaokupiga usoni, utachoka kabla ya kufika. Angani ni vivyo hivyo. Ndege ikisukumwa na upepo wa kilomita 100 kwa saa kutoka nyuma, kasi yake juu ya ardhi hupanda kutoka 900 hadi 1,000, na ikiupokea upepo huo huo usoni hushuka hadi 800. Kwenye njia ya Guangzhou mambo hubadilika kwa majira. Wakati wa baridi ya huko, kuanzia Desemba, upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kusini mwa China na kuisaidia ndege inayokwenda. Wakati wa masika ya India, Juni hadi Septemba, upepo wa juu kusini mwa India huvuma kutoka mashariki na kuisaidia inayorudi. Ndiyo maana ratiba ya njia moja inaweza kuwa na dakika tofauti Januari na Julai, bila mtu yeyote kukosea.

Kwa Songwe kuna la ziada. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na milima iko karibu. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa, na wewe uliyewahi kutumia uwanja wa zamani wa mjini kabla ya huu kufunguliwa Desemba 2012 unaelewa kwa nini njia fupi ya pale ilizikataa ndege kubwa. Ukungu ukishuka, rubani atasubiri angani kwa muda, na mafuta ya kusubiri huko huwa amekwishayahesabu kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Dakika zako ishirini, mzee wangu, safari nyingine zilitumika hapo, juu ya Mbalizi, rubani akingoja aione njia ya kutua.